Mama Yako Hakusahau Dawa

Ngana, Jumapili mchana

Mwanangu Atupele,

Umeondoka na mama yako sasa hivi kwenda Bondeni kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hatawaachia kabla hamjala mara mbili. Kwa hiyo nina saa kama tatu. Nimefuta meza, nimechukua daftari ulilobakiza ulipomaliza chuo, nimekaa upande wa dirisha ambako mwanga unayatosha macho yangu.

Kesho asubuhi unapanda basi la Mbeya, na baada ya siku chache utakuwa Ethiopia. Sitakuandikia habari za baridi ya huko, wala pasipoti uiweke wapi, wala nani wa kumpigia ukifika. Mama yako ameshayasema hayo, mengine mara nne. Mimi nina jambo moja tu. Ni refu kidogo, kwa sababu nisipolianza mbali nitakuwa kama mtu anayelipunguza uzito.

Linahusu mwaka ule mama yako alipolazwa. Wewe unaijua nusu ya habari. Nusu nyingine ninayo mimi, na nimekaa nayo muda mrefu mno.

Nianzie mezani. Unakumbuka nyumba hii ilivyokuwa inakula ulipokuwa mdogo. Mimi ni mkulima wa mpunga na mtoto wa mkulima wa mpunga, na kwangu chakula kilikuwa wali. Ndizi tulipika, ugali tulipika, lakini hivyo niliviona kama vya kusubirishia. Sahani yangu ilijazwa mpaka ukingoni, na mama yako alinipakulia ya pili kabla sijaomba. Nilipenda harufu ya mchele wetu ifike barabarani, anayepita ajue kwamba kwa Baba Atupele kunapikwa.

Ulikuwa sekondari mama yako alipoanza kunywa maji kama mtu aliyetoka kulima juani. Alikonda mpaka kanga zikawa zinamzunguka mara mbili. Tulipokwenda hospitali wakasema ni sukari. Daktari alimpa vidonge, akamweleza apunguze wali, nusu ya sahani iwe mboga za majani, na akipata nafaka isiyokobolewa, kama ulezi, itamfaa zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nilisikia kila neno, na nikarudi nyumbani nikiamini kwamba ameambiwa yeye.

Akaanza kununua ulezi unaoshuka kutoka milima ya Ileje. Alijipikia ugali wake kwenye kisufuria kidogo, pembeni, baada ya kutupikia sisi wali. Mpaka siku walipokuja wazee watatu wa kanisa. Mama yako alitupakulia, kisha akakaa nasi na kisahani chake chenye ugali mweusi. Mzee mmoja akauliza kwa utani kama mpunga wangu wa mwaka ule ulisombwa na maji. Wakacheka. Walipoondoka nilimwambia mama yako ameniaibisha. Nilimwambia ugali ule tuliula utotoni wakati wa njaa, na mke wa mtu mwenye majaruba ya mpunga hali chakula cha njaa mbele ya wageni.

Kesho yake alikula wali pamoja na sisi, na kesho kutwa yake, na karibu miaka miwili iliyofuata. Kisufuria kile alikitumia kuchemshia maji ya chai. Mimi nikaona jambo limekwisha, na nikajisifu moyoni kwamba nyumba yangu ina utulivu.

Hilo la kwanza. Naliandika kwanza kwa sababu ni dogo kuliko linalofuata.

Ukaja likizo kutoka chuoni Morogoro na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake kulikuwa na punje ndogo sana, za rangi ya kahawia, ambazo nilipozimimina kiganjani ziliingia kwenye mistari ya mkono. Nikakwambia hizo ni mbegu za mchicha, na mchicha tunao. Ukasema ni nafaka, inaitwa tefi, umepewa na Hirut, yule mwenzako wa darasani aliyetoka Ethiopia, na kwao watu wanaila siku zote. Ukaeleza kwamba punje ni ndogo mno kukobolewa, kwa hiyo huliwa nzima na ganda lake, na mtu mwenye sukari akiila kwa kiasi, na mboga nyingi, ina nafuu kuliko wali mweupe. Hukusema inaponya. Hilo nalikumbuka vizuri, maana baadaye mimi ndiye niliyelisema.

Nusu ya kopo mliipika wewe na mama yako. Mimi sikuonja. Nusu mliipanda kwenye kona ya jaruba tulipomaliza kuvuna mpunga, udongo ungali na unyevu. Mwezi ulipopita nikaenda na jembe, nikaona majani membamba yameota kwa wingi, nikaanza kuyapalilia nikidhani ni magugu. Nilikuwa nimefika katikati uliponikuta. Nilitegemea ulie. Ulikaa kwenye ukingo wa jaruba ukacheka mpaka ukashika tumbo, ukasema, "Baba, hayo ndiyo chakula chenyewe." Chuo kikafunguliwa, ukaondoka, na nusu iliyobaki akaja kuvuna mama yako peke yake.

Siku aliyopepeta nilikuwa napita na baiskeli. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, ungo mapajani. Upepo wa ziwani ulikuwa umeinuka, na kila akirusha, nafaka ilikwenda pamoja na makapi. Alikuwa ameacha kupepeta. Alikuwa analowesha ncha ya kidole kwa mate, anaibandika kwenye mkeka, anaokota punje zilizoanguka. Nikamwambia aache kujitesa, tuna magunia ya mpunga ndani. Hakuinua kichwa. Akasema, "Baba Atupele, mpunga ni wako. Hii ni yangu."

Sikuwa nimewahi kusikia mama yako akisema neno hilo, yangu, kwa kitu chochote cha nyumba hii. Nikabaki nimeshika baiskeli kama mgeni asiyekaribishwa. Ndipo nikaona mguu wake. Kidole kimoja cha mguu wa kushoto kilikuwa na mwiba umezama, pembeni pamevimba na usaha umeanza, na yeye hakuwa na habari. Nilipoushika mguu ule akaniuliza nimeona nini. Mwiba wa urefu wa kijiti cha kiberiti, Atupele, na aliniuliza nimeona nini.

Nilitoa mwiba. Kisha nikakaa upande unaotoka upepo, nikatanua koti langu la mvua kumkingia, akaendelea kupepeta. Ilipatikana kama debe moja.

Kwenye zahanati walimwambia asisimame juu ya mguu ule mpaka kidonda kikauke. Basi nikaingia jikoni. Nilikuwa mtu wa miaka hamsini na mitano, na sikujua chumvi ya nyumba yangu inakaa wapi. Tefi ya kwanza niliipika kama nilivyozoea kuona wali unavyopikwa, maji kidogo na makaa juu ya mfuniko. Ilitoka kama udongo wa kufyatulia matofali. Mama yako aliila. Alitafuna muda mrefu, akanishukuru, ndaga, akaomba maji.

Jioni ile nikakupigia simu nikajifanya nasalimia. Nikazunguka, nikauliza kama ile mbegu ya mchicha inapikwaje, kwamba eti mama yako amesahau. Ukanieleza polepole: niikaange kwanza bila mafuta mpaka inukie, kikombe kimoja cha tefi kwa vitatu vya maji, nikoroge, moto uwe mdogo, niipe kama robo saa, kisha niifunike ipumzike. Ulijua ni mimi ninayepika. Hukusema, na nilikupenda kwa hilo.

Kidogo kidogo nikajua. Asubuhi uji wa tefi bila sukari, nikiutia karanga zilizotwangwa, na mama yako akasema hasikii pengo la sukari. Mchana tefi nzito ya kijiko kikubwa, kiasi cha ngumi yake tu, na pembeni majani ya maboga, kunde, na dagaa usipa wa kukaanga au kipande cha samaki mbasa jamaa wakileta kutoka ziwani. Akiba ilipopungua nilichanganya na ulezi wa Ileje, ule ule niliouita chakula cha njaa, nikaukuta mtamu. Kwenye mashine ya kusaga walinirudisha, tefi ilikuwa inapita kwenye chekeche bila kuguswa. Nikaenda kuchukua jiwe la kusagia la marehemu bibi yako, lililokuwa limegeuzwa ngazi ya banda la kuku. Nikapiga magoti nikasaga. Majirani walipita wakasimama. Habari zilifika Kyela mjini kabla sijamaliza bakuli moja.

Jumamosi moja nilijaribu ule mkate wa kina Hirut uliotutumia maelezo yake. Unga unalowekwa siku tatu mpaka uchachuke kama togwa, unamiminwa mwembamba kwenye kikaango, unafunikwa, haugeuzwi. Wa kwanza ulitoka kama kitambaa kilicholowa. Wa tano ulikuwa na matundu madogo usoni, mengi, sawasawa, na mama yako akaumega, akachotea maharage na mnavu, akafumba macho. Kwa kweli sijui kama nimewahi kufanya kitu shambani kilichonipa furaha kama ile.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Msimu uliofuata tulipanda tefi jaruba zima. Kidonda kilifunga. Kila mama yako alipokwenda kliniki kipimo kilikuwa kimeshuka kidogo, na muuguzi akamsifu, na yeye akasema mume wangu ndiye anayepika, na muuguzi akanigeukia akanipa mkono. Mkono ule ulinipanda kichwani. Nikaanza kuzungumza. Kanisani, kwenye mashine, kwenye mizani ya kakao, popote watu wawili waliposimama nilikuwa wa tatu, na habari yangu ilikuwa moja. Nilikuwa mtu aliyecheka ugali wa ulezi, na sasa nilikuwa nafundisha watu kula. Nilisema tefi imemtibu mke wangu. Nililisema mara nyingi mpaka nikaliamini.

Jioni moja tumemaliza kula, mama yako akachukua vidonge vyake. Nikamuuliza anameza vya nini tena. Akasema ni vile vile vya siku zote. Nikamwambia mtu hamezi dawa ya ugonjwa ambao hana.

Akasema, "Daktari hajaniambia niache."

Nikamwambia, "Daktari anakuona mara moja kwa mwezi. Mimi nakuona kila siku."

Alivishika vile vidonge mkononi muda mrefu. Akasema labda tungoje tarehe ya kliniki, tuulize. Nikaona kama ananinyima sifa yangu. Usinihurumie hapo, ndivyo nilivyoona. Nikamwambia kama haamini mikono yangu basi aseme, nirudi shambani, apike mwenyewe. Akavirudisha kwenye kopo. Na mimi, ili asiwe na wasiwasi kila akiliona, nikalichukua lile kopo nikalipandisha juu ya ukuta, pale paa linapokutana na tofali, mahali ambapo yeye hafiki.

Atupele, ndilo hilo. Mama yako hakusahau dawa. Mimi ndiye niliyezichukua.

Zilipita wiki kama sita. Tarehe ya kliniki ilifika, nikamwambia tuna kakao ya kuchachusha, tutaenda mwezi ujao. Kiu ikaanza kurudi, akanificha. Kile kidole kikafunguka tena, akakifunga kitambaa, akanificha. Alinificha kwa sababu nilikuwa na furaha. Siku ile nilitoka upande wa mto Songwe saa saba mchana, nikamkuta amelala kando ya mikeka ya kakao, kanga imemfunika uso. Nilidhani anakwepa jua. Nilipomwita alijibu maneno ambayo hayakuungana, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya tunda lililooza.

Tulimpandisha bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Kutoka hapa hadi mjini unajua si mbali, lakini njia ile sikuwahi kuiona ndefu hivyo. Kichwa chake kilikuwa begani kwa yule dereva, na nilikuwa nikimsemesha sikioni, namtajia chakula. Sijui kwa nini. Nilimtajia uji, majani ya maboga, mkate wa matundu. Nadhani sikuwa na maneno mengine ya mapenzi niliyojifunza.

Usiku wa kwanza walipigana naye kwa maji na sindano. Kesho yake mchana akafumbua macho. Daktari akaja na faili, akamuuliza kama alikuwa anameza dawa zake. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Nilifungua mdomo. Mama yako akanitazama, kisha akamtazama daktari, akasema, "Nilisahau, daktari. Mambo ya shamba."

Daktari akaandika. Kwenye karatasi zile mpaka leo imeandikwa hivyo, kwamba mgonjwa alisahau.

Wewe ulifika jioni ile ile, umesafiri siku nzima, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ulipoambiwa sababu ulisimama mbele ya mama yako ukasema maneno ambayo nakumbuka moja baada ya jingine. Ulisema, "Mama, wewe ni mtu mzima. Unasahauje kitu kinachokuweka hai? Nani akuchunge, mimi niache shule?" Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageukia ukuta. Mama yako akasema, "Nisamehe, mwanangu." Mimi nilikuwa dirishani nimeshika chupa ya uji. Nilimsikia mke wangu akimwomba mwanawe msamaha kwa kosa langu, na nikafungua kifuniko cha chupa, nikamimina uji kwenye kikombe, nikasema haujapoa.

Baada ya siku nne walimkata vidole viwili. Hayo unayajua.

Sikulaumu kwa maneno yale. Ulikuwa na hofu, na ulisema kulingana na ulichoambiwa. Ila yameendelea, mwanangu. Kila jioni kwa miaka hii mitatu umepiga simu, na kabla ya salamu unauliza, "Mama, umemeza?" Sauti unayoulizia ni ya mwalimu kwa mtoto mtundu. Naye anajibu kwamba amemeza, anajibu kwa unyenyekevu, na mimi nakuwa pale pale nakoroga kitu kwenye sufuria. Na mara moja, mwaka jana, tukiwa tunavuna, uliniambia kwamba huenda wewe ndiye uliyemponza, kwamba usingeleta lile kopo mama asingeitegemea tefi akapuuza dawa. Nilikuwa na mundu mkononi. Ningeweza kusema wakati ule. Nilikwambia usiwaze mambo yaliyopita, kana kwamba nakufariji, na kumbe nilikuwa najifunika.

Tefi haikumdhuru mama yako. Wewe hukumdhuru. Chakula kile kilikuwa kinafanya kazi yake na vidonge vilikuwa vinafanya kazi yake, na mimi nikavitenganisha kwa sababu nilitaka kimojawapo kiwe changu.

Mwezi uliopita Mzee Asajile alikuja hapa na kopo tupu. Naye ana sukari, unajua, na amechoka kumeza. Akasema nimgawie ile dawa yangu ya punje ndogo ili apumzike na vidonge. Nilimkalisha kwenye kiti hiki hiki, nikamweleza yote, kuanzia kisufuria mpaka vidole. Kisha akauliza, "Na binti yako anajua?" Nikamjibu hapana. Akatikisa kichwa, akapokea tefi, akaahidi kuendelea na dawa. Alipotoka nikabaki na swali lake. Jirani nilimwambia kabla yako.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Wiki hii nimekuita mara tatu, na mara zote nikaishia kukuuliza kuhusu begi. Ninaweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema mbele ya watu mia. Ndani ya nyumba hii ulimi wangu ulizoea kuagiza tu, na nimechelewa kuufundisha kazi nyingine.

Unakwenda kusomea nafaka. Utarudi watu wakikuamini, na watu wakikuamini watakupa mkono kama nilivyopewa. Sina la kukufundisha juu ya mbegu. Naweza tu kukueleza jinsi nilivyokuwa siku zile: nilikuwa nimeacha kuuliza. Mke wangu alikuwa mbele yangu, ana kiu, ana kidonda, na mimi nilikuwa natazama kazi yangu ndani yake. Ukiona siku moja una furaha namna ile kuhusu jambo fulani, mtazame tena yule uliyemfanyia.

Siku hizi tunakula hivi, ukitaka kujua utatuacha vipi. Asubuhi napika mimi. Mchana tunasaidiana. Wali tunakula Jumapili, kidogo, na hauna tena haja ya kunukia barabarani. Vidonge viko mezani, karibu na chumvi. Namwekea maji, anameza mwenyewe, sisemi kitu.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tunachambua mnavu, nikamuuliza lile swali nililoliogopa miaka yote. Nikamuuliza kwa nini alimwambia daktari alisahau. Na kwa nini aliacha mtoto amkaripie hivyo, hata mara moja asijitetee.

Aliendelea kuchambua. Akasema, "Ulikuwa ndiyo kwanza umejifunza kupika. Nilijua wakikutaja, hutaingia tena jikoni."

Nikamwambia nitakueleza kabla hujaondoka. Akasema hakuna haja, umeshakuwa mkubwa, utasafiri na mzigo wa bure. Tulibishana kidogo. Kwa mara moja nimeona nisimtii, na nadhani hii ni mara pekee ambayo kutomsikiliza kuna heri kwake.

Mwanzoni nilipanga kuiweka karatasi hii chini kabisa ya begi lako, chini ya masweta, uikute ukiwa mbali, hasira zikupate nikiwa siwezi kukuona usoni. Nilikuwa nimeshafungua zipu. Nikafikiri kwamba hapo nitakuwa nimepandisha kitu juu ya ukuta mara ya pili.

Kwa hiyo naiweka juu ya mto wako. Mkirudi kutoka Bondeni utaikuta jua lingali juu. Mimi nitakuwa kwenye kakao, upande wa chini, na sitarudi mpaka uniite au mpaka giza linirudishe. Ukitaka kunisemesha kwa ukali, njoo, nitasimama nisikilize. Ila usianzie kwangu. Anzia kwa mama yako. Amekaa miaka mitatu akikuomba radhi kwa kitu ambacho hakukifanya, na kesho saa kumi na mbili basi linaondoka.

Baba yako